Mkuu kaniambia "kajitathmini", sasa nianzie wapi?

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Hisabati sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa, shule sitaitaja maana huku tunajuana wote. Nina kidato cha kwanza B na C, halafu nina kidato cha pili mkondo mmoja. Darasa moja lina watoto themanini na kitu, wengine wanabanana watatu meza moja, kupita katikati kukagua madaftari ni kazi, unapita kiubavu.

Kilichonifanya niandike ni matokeo ya mtihani wa muhula. Kidato cha kwanza A anafundisha kijana wa kujitolea, kamaliza chuo juzi tu, ajira hana, anapewa hela ya sabuni inayochangwa na wazazi, na darasa lake limeniacha mbali. Mimi B na C zote F zimejaa. Kwenye kikao mkuu akasimama akasoma wastani wa kila mwalimu mmoja mmoja, alipofika kwangu akavua miwani akasema "Madam, wewe kajitathmini." Basi, akaenda kwa mwingine. Watu wakainamisha vichwa, mwingine nilimsikia anacheka chinichini.

Nikaenda nyumbani nikajitathmini kweli. Nimekaa kitandani mpaka usiku mkubwa nawaza nimekosea wapi, nimelia, nikafikia kwamba mimi ni mwalimu mbovu na labda hii kazi sio yangu. Asubuhi nikaamka nikaenda kufundisha vilevile kama jana.

Kinachoniuma ni kwamba masomo naandaa, mwalimu wangu. Azimio la kazi ninalo, andalio la somo ninalo, zana wakati mwingine nakata maboksi mwenyewe. Nikiwa nafundisha nauliza "Are we together?" darasa zima linaitikia "Yes madam!" mpaka mabati yanatetema. Nikitoa zoezi nakuta madudu. Juzi nimefundisha kujumlisha sehemu, nimefanya mifano mitano ubaoni, wote wameitikia, nikatoa moja ya mbili jumlisha moja ya tatu, karibu nusu ya darasa wameandika mbili ya tano. Hasira zikanipanda, waliokosa wote wakala kiboko kimoja kimoja, kesho yake nikatoa swali la aina ileile wakakosa tena walewale.

Ofisini mwenzangu mmoja ananiambia nisijisumbue, hawa watoto wametoka shule ya msingi hata table hawajui. Mwingine anasema niombe uhamisho. Mume wangu anasema nikasome masters ndo nitajua kufundisha. Jumuiya ya Ujifunzaji ya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunayo hapa shuleni ila tunakaa, tunasaini daftari, tunaondoka. Na ile sehemu ya tathmini kwenye andalio kila siku naandika "somo limeeleweka kwa asilimia 80" kama wanavyoandika wote, nikiandika ukweli si ndo mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija nitakuwa nimejichongea?

Naomba unisaidie, kujitathmini kunafanywaje hasa? Sio kwa maneno ya chuo, kwa darasa kama langu.

Madam wa Hesabu, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kusomewa wastani mbele ya wenzio halafu mwingine anacheka, hilo halijengi mtu yeyote, na ningekuwa jirani na huyo mkuu wako ningemwambia. Kumwambia mwalimu kajitathmini bila kumwonyesha atazame nini ni karipio tu, limevaa nguo za kitaalamu.

Sasa nisikilize. Ule usiku kitandani ulikuwa unajihukumu. Ulikuwa na kumbukumbu zako na hofu zako, hata daftari moja la mtoto hukuwa nalo mkononi, sasa ungegundua nini? Mwalimu akikaa kujiwaza bila ushahidi anaangukia sehemu mbili, ama atajisifia ama atajilaani, na huko kote asubuhi anafundisha vilevile, wewe mwenyewe umesema. Kwa hiyo jiweke pembeni kwanza, suala la wewe ni mwalimu mzuri au mbovu liache kabisa, halina faida kwa mtu. Tazama watoto wamefanya nini.

Anza na hilo swali la sehemu, maana hapo umeniandikia kitu cha thamani kuliko matokeo yote ya muhula. Mtoto aliyeandika mbili ya tano hakubahatisha. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, yaani amefuata kanuni, ila kanuni ni ya kwake. Kwake moja ya mbili ni namba mbili zimepandana na mstari katikati, akiona alama ya kujumlisha anajumlisha anachokiona. Na kibaya zaidi, ameanza na nusu, akaongeza kitu juu ya nusu, akapata jibu ambalo ni dogo kuliko nusu, na hakushtuka! Hapo ndipo pa kukaa wewe. Huyu mtoto hajui kwamba nusu ni kiasi, hana picha yake kichwani, ndio maana ile mifano mitano ya LCM, yaani KDS, kigawe kidogo cha shirika, haikumgusa hata kidogo, ulikuwa unamfundisha ghorofa ya pili na yeye hajapanda ya kwanza. Ukimpa mifano mingine kumi atanakili yote vizuri tu na mwandiko mzuri na bado atakuandikia mbili ya tano. Huyu mpe karatasi akunje, akate nusu, akate theluthi, aziweke pamoja aone zimejaza karibu karatasi nzima, halafu muulize mbili ya tano inaweza kuwa jibu? Acha aseme mwenyewe.

Lakini si wote waliokosa wamekosa hivyo, na hapa ndo kuna kazi yenyewe. Chukua madaftari kama kumi na tano, usichukue themanini utachoka utaacha, na usichague, okota ya mbele, ya katikati na ya kule nyuma dirishani. Kaa nayo mezani na uweke kalamu nyekundu mbali. Usitoe maksi, panga mafungu. Fungu la mbili ya tano weka huku. Utakuta mwingine kaandika mbili ya sita, huyo ni mtu mwingine kabisa, anajua kutafuta KDS, kapata sita vizuri, ila kasahau kwamba ukibadilisha chini na juu panabadilika. Huyo hahitaji karatasi za kukunja, anahitaji dakika mbili tatu. Mwingine kapata tano ya sita sawasawa, muite pembeni kwa upole akueleze kapataje, usije ukashangaa kumbe kaangalia kwa jirani. Na kuna ambaye hajaandika kitu, kanakili swali akaishia hapo.

Huyo asiyeandika mimi namtilia shaka ya lugha. Mwanangu, mtoto wa kidato cha kwanza mwaka jana alikuwa darasa la saba namba ya juu anaita kiasi, ya chini asili, na KDS, leo umesimama unamwambia numerator, denominator, LCM. Kitu anakijua! Ila hajui kwamba ndio hikihiki. Wewe umeshazoea hata husikii unavyobadilisha, yeye ameachwa stendi. Gawa ubao, upande mmoja andika maneno ya msingi, upande wa pili ya sekondari, yakae hapo wiki nzima usiyafute. Na mtoto akitaka kukueleza alivyofikiri mwache aeleze kwa Kiswahili, maana unachotaka kukijua saa hiyo ni fikra zake, Kiingereza chake utakipima siku nyingine.

Sasa ile "Yes madam". Hiyo iondoe kwenye mahesabu yako kabisa. Mama lishe hajui kama wali wake umeiva kwa kuuliza wateja "jamani kitamu?" wote watasema kitamu kwa aibu, anajua kwa kutazama sahani zinavyorudi. Watoto themanini wakiitikia kwa pamoja, kumi ndio wanajua na sabini wamedakia sauti, na masikio yako hayawezi kutenganisha. Na mtoto atajibuje "hapana" mbele ya themanini, na fimbo iko mezani?

Kuna mama mmoja mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alikaa miaka mingi anasikiliza walimu wa sayansi madarasani, akapima mwalimu akishauliza swali anasubiri muda gani kabla hajamrukia mtu mwingine au kujijibu mwenyewe. Maandishi yake ya 1974 yanajulikana sana. Akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja. Moja! Alipowaomba wafikishe tatu tu, majibu ya watoto yakawa marefu, "sijui" zikapungua, na watoto waliokuwa hawafungui midomo wakaanza kusema. Haihitaji bajeti wala semina. Uliza swali, hesabu moyoni moja, mbili, tatu, ndo umtaje mtu. Nakuonya tu kwamba zile sekunde tatu utaziona ndefu kama mwezi wa Januari, darasa limenyamaza, jasho linakutoka, ulimi unawasha, utataka uliseme jibu mwenyewe. Usiseme. Na akishajibu subiri tena kidogo kabla hujasema sawa au si sawa, mara nyingi ataongeza mwenyewe au mwenzie atadakia kumrekebisha, hapo ndipo utasikia vitu ambavyo hujawahi kuvisikia humo darasani.

Na maswali yenyewe yabadilike. "Tumeelewana?" sio swali. Swali ni "umepataje?", "nani kapata tofauti?", "mbona huyu kapata mbili ya tano, tumwambieje?" Kumtaja mtu usiwategemee wanaonyoosha mikono, hao wanajulikana, ni walewale watano wa mbele. Weka namba zao za mahudhurio kwenye kopo, vikaratasi tu, unachomoa. Ila wape ruhusa ya kusema "bado sijajua" bila kuchekwa, na ukimruhusu mmoja kuchekwa siku ya kwanza hilo kopo limekufa.

Hapo nifike kwenye fimbo, na sitazunguka. Umechapa wote waliokosa, kesho yake wamekosa walewale. Huo ni ushahidi umeuandika kwa mkono wako mwenyewe, hauhitaji mtafiti kutoka popote. Ukiacha hata mambo ya huruma, tuongelee kazi tu, fimbo inamfundisha mtoto kuficha kosa, atanakili kwa jirani, atafuta, atasema daftari limebaki nyumbani, na wewe kosa ndo ulikuwa unalitafuta ulione! Unajifunga macho mwenyewe. Halafu kisheria uko pabaya mwanangu, kanuni za viboko za 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa kibali cha maandishi, visizidi vinne, vinaandikwa kwenye kitabu, na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa kujumlisha sehemu si utovu wa nidhamu. Kama hiyo karatasi ya kibali huna, elewa kwamba siku mzazi akija juu hakuna atakayesimama na wewe, hata huyo mkuu.

Haya, tuje kwenye utajiri wako ambao huuoni. Una B na C. Somo lilelile unalifundisha mara mbili, pengine siku hiyohiyo. Wewe unaona mzigo, mimi naona nafasi ya kurekebisha palepale. Ukitoka B, kabla hujaingia C, simama hata kwenye kivuli dakika mbili ujiulize wamekwama wapi, badilisha kitu kimoja, kimoja tu, uingie nacho C. Labda B ulianza na kanuni, C anza na karatasi za kukunja. Labda B ulifanya mifano mitano, C fanya miwili na wao wafanye mmoja wawiliwawili. Zoezi liwe lilelile. Jioni linganisha mafungu ya madaftari. Ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo hutajua kipi kimefanya kazi, kwa hiyo kaza roho, kimoja. Wiki inayofuata geuza, C ndo ianze, wasije C wakawa wanapata mboga zilizoiva kila siku na B majaribio.

Wajapani hii wameigeuza utamaduni wa kazi, miaka zaidi ya mia moja sasa, wanaita jugyō kenkyū. Walimu kadhaa wanaandaa somo moja pamoja, mmoja anakwenda kulifundisha, wengine wanaingia kukaa humo, na hawamtazami mwalimu kavaa nini au kaandikaje ubaoni, wanatazama watoto, yule kaandika nini, yule kakwama dakika ya ngapi, wale wawili wamebishana nini. Halafu wanakaa wanalirekebisha somo. Ukiona vile unajua kwamba likiharibika limeharibika somo letu sote, hakuna wa kuinamishiwa kichwa kikaoni. Jirani zetu Kenya nao walianzisha mradi wa mafunzo wa SMASSE mwaka 1998 kwa walimu wa hesabu na sayansi wakisaidiana na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, na mzunguko wao ni mfupi hata mtu wa haraka anaukumbuka: panga, fanya, tazama, boresha. Wengi tunapanga na kufanya. Kutazama ndo hakuna mtu ana muda nako.

Sasa hiyo Jumuiya yenu ya kusaini na kuondoka, kiukweli inaniudhi, maana MEWAKA imewekwa kwa ajili ya jambo hilihili, walimu wakae shuleni kwao waongee matatizo ya madarasa yao wenyewe badala ya kusubiri semina ya mjini yenye soda. Hutaibadilisha yote peke yako. Lakini siku ya kukaa nenda na yale madaftari kumi na tano, yamwage mezani, sema "jamani nimekwama hapa, watoto wananiandikia mbili ya tano, mnaonaje?" Usilete hotuba. Walimu wanapenda kuongelea makosa ya watoto kuliko chochote, wape makosa yenyewe waone, hata wa Jiografia atachangia maana na yeye skeli ya ramani inamsumbua kwa sababu hiyohiyo, watoto hawajui sehemu.

Halafu tafuta mtu mmoja akuingilie darasani. Asiwe mkuu, asiwe mwalimu wa taaluma, wala asiwe yule aliyecheka. Mwenzio wa rika lako unayemwamini, hata akiwa wa Kiswahili haidhuru, tena bora zaidi, hatakuvamia na "mimi hiyo mada naanzaga hivi". Mpe kazi moja tu. Mchoree ramani ya darasa, viboksi vya meza, mwambie kila mtoto akifungua mdomo kuongea na wewe aweke alama kwenye kiboksi chake. Dakika arobaini zikiisha mtazame pamoja. Sitaki kukutabiria ila madarasa mengi niliyoyaona alama zinajaa mbele na katikati, kule nyuma na pembeni kweupe, na mara nyingine wasichana kweupe zaidi. Akikurudishia akuambie alichoona, "upande huu hakuna aliyeongea", asikuambie "umefundisha vizuri madam", hiyo ni adabu tu, haikusaidii. Na wewe kamfanyie hivyohivyo, deni lilipwe.

Kama hakuna wa kumwamini, simu yako inatosha. Mwambie mkuu kwanza, kisha rekodi sauti, sauti sio video, iweke mezani uendelee na kazi. Jioni sikiliza dakika kumi za katikati, usijitese na kipindi kizima. Utachukia sauti yako, kila mtu anachukia ya kwake, pita hapo. Sikiliza nani anaongea zaidi, unasubiri sekunde ngapi, na yale maswali yako mangapi yalitaka jibu zaidi ya ndio. Ukimaliza futa, na isiende kwenye grupu lolote la WhatsApp hata kwa kuchekesha, sauti za watoto wa watu sio za kurushwa.

Na watoto wenyewe waulize. Dakika tatu za mwisho, kipande cha karatasi, hakuna jina, Kiswahili ruksa, "leo nini hakijakukaa vizuri?" Wengi watakuandikia "hamna", ni sawa, wiki ya pili wataanza kukuamini. Wakikuandikia kitu, kesho yake anza kipindi na kitu hicho, wajue kwamba unasoma, la sivyo wataacha kuandika.

Kuhusu ile asilimia 80, nimecheka maana naijua. Nchi nzima somo linaeleweka kwa asilimia 80, Jumatatu mpaka Ijumaa, mvua na jua, halafu mtihani wa taifa wa Hisabati kila mwaka wanaofeli wanazidi wanaofaulu. Hizo asilimia tunawadanganya kina nani? Kile kisehemu cha tathmini ndicho mahali pekee kwenye makaratasi yote ya mwalimu palipoachwa kwa ajili yake afikiri, na tumepageuza mhuri. Andika mstari mmoja wa kweli na dawa yake palepale: "Wengi wamejumlisha asili kwa asili, hawana picha ya nusu. Kipindi kijacho karatasi za kukunja kabla ya LCM." Mthibiti ubora mwenye akili akisoma hivyo atajua huyu anafahamu darasa lake, na asiye na akili hata asilimia 80 zako hazitakuokoa kwake. Kama bado unaogopa, nunua kaunta buku yako binafsi, iandike humo kila siku mistari miwili mitatu, wamekwama wapi, nimebadilisha nini, kimetokea nini. Isiwe na mapambo. Baada ya muhula mmoja hiyo kaunta buku itakuwa na akili kuliko manukuu ya chuo.

Kuhusu kijana wa mkondo A, usimnunie. Kwanza uliza mikondo iligawanywaje, shule nyingi bado zinaweka waliofaulu vizuri darasa la saba wote A, kama na kwenu ni hivyo wale walikuwa mbele yako siku ya kwanza na huo wastani hausemi lolote kuhusu ninyi wawili. Nenda kwa mwalimu wa taaluma uombe alama za kuanzia za mikondo yote mitatu. Kama waligawanywa kwa kuchanganya, basi kijana ana kitu, na ni jambo jema, yuko chumba cha pili tu. Omba uingie kwenye kipindi chake ukae nyuma na watoto. Hata kama ni mdogo kwako, hata kama hana cheki namba. Na yale makaratasi ya mtihani msiyaangalie kwa wastani, yafungueni swali kwa swali, swali gani A wamepata na B na C wameanguka? Ukikuta tofauti yote iko kwenye maswali mawili matatu ya sehemu na desimali, mzigo umekuwa mwepesi ghafla.

Halafu kuwa na haki na nafsi yako. Watoto themanini chumba kimoja, wengine wametembea kilomita kadhaa bila uji, vitabu havitoshi, hayo hukuyaleta wewe na hakuna kutafakari kutakakoyaondoa. Yule mwenzio wa "hata table hawajui" hasemi uongo, ila akishasema hivyo anakunja mikono, hapo ndo simwelewi, maana kama hawajui si ndo tumejua pa kuanzia? Yaandike yale usiyoyaweza upande mmoja, unayoyaweza upande mwingine, na upande wa pili huo chagua kimoja ukae nacho wiki tatu. Kwa nilivyokusoma mimi ningeanza na zile sekunde tatu na mafungu ya madaftari, fimbo ikiwa imeshatoka darasani leo hiihii. Ramani ya viboksi na simu vitafuata, usivivamie vyote Jumatatu, utaacha vyote Alhamisi.

Kwa mkuu rudi. Usisubiri kikao. Nenda ofisini kwake na kaunta buku yako na mafungu mawili ya madaftari, ya mwanzo na ya baada ya wiki tatu, mwambie "mkuu uliniambia nijitathmini, nimeona hiki, nimebadilisha hiki, imekuwa hivi, naomba uingie darasani Jumanne uniangalizie jambo moja tu, nikiuliza swali nani anajibu." Mkuu ukimpa jambo moja la kutazama ana nafasi ndogo ya kukutazama viatu. Na kama maendeleo ni madogo mwonyeshe hivyohivyo madogo.

Uhamisho omba kama una sababu za familia, sio hii, maana huko uendako nako nusu ya darasa watakuandikia mbili ya tano. Na masters, mwambie baba watoto kwamba wazo lake ni zuri kwa cheo na kwa kichwa, nami siwezi kumkataza mwalimu kusoma, ila ada ni pesa nyingi na hawa wa B na C wana Upimaji wa Taifa kidato cha pili mwakani. Kasome ukishaona muhula mmoja umekaa sawa, na hapo utakuwa na kaunta buku nzima ya maswali ya kuwapelekea maprofesa.